Mshika Winchi na Mkewe

Mimi nina mdomo, hilo sikatai. Dada zangu wenyewe wanajua kwamba nikianza, kuninyamazisha ni kazi. Lakini kwenye shughuli yetu mdomo ni mali. Mimi ni mfungaji wa mizigo na mume wangu ni mshika winchi, na kati ya vidole vyangu na mnyororo wake hakuna kinga nyingine ila sauti yangu. Nikisema "Kaza," anakaza. Nikisema "Polepole," anapandisha kidogo kidogo. Nikisema "Simama," anaachia kibonyezo papo hapo na mzigo unaganda hewani. Tumefanya hivyo tangu binti yetu akiwa wa kubebwa mgongoni, na leo binti mwenyewe ameshaolewa. Mikono yangu haina hata kovu.

Ndiyo maana jambo hili limenikata maini. Mume wangu alikuwa ameacha kunisikia, akanificha, na mimi nikadhani ameacha kunipenda.

Karakana yetu inafufua pampu kubwa, zile za kusukuma maji ya mji mzima. Sisi wawili tuko chumba cha kuosha na kupaka rangi, pamoja na mpiga rangi mmoja, kijana mpole mwenye watoto wadogo. Chumba kile kinanuka thina, ile ya kuyeyushia rangi, kuanzia sakafuni mpaka darini. Cheche moja tu ya umeme, tungeokotwa kwa chepeo. Kwa hiyo winchi yetu haitumii umeme, inatumia upepo. Imening'inia kwenye reli juu, mpira mwekundu unailetea hewa kutoka kwenye kompresa iliyoko nje, na chini yake kuna kishikio chenye vibonyezo viwili, cha kupandisha na cha kushusha. Aliyekamata kishikio hicho ni mume wangu. Watu wanamwita Mzee Pumzi. Mimi wananiita Mama Kulabu, kwa ajili ya ndoano ile ya winchi, ingawa wengine wanasema ni kwa ajili ya ulimi wangu. Shauri yao.

Mume wangu na winchi ile, jamani! Kuna siku niliona wivu. Akifika asubuhi haongei na mtu. Kwanza anamwaga maji yaliyojikusanya kwenye chujio la hewa. Anapuliza mpira kabla hajauunga, ili uchafu uliolala ndani usiingie kwenye mashine. Anaangalia kikombe cha oili, akiona imepungua anaongeza. Kisha anachukua kitambaa, anaupapasa mnyororo pete kwa pete, anatafuta iliyolika au iliyojinyonga. Anaubonyeza ulimi wa kulabu, ule unaozuia mzigo usichomoke, aone kama unarudi wenyewe. Mwisho ananyanyua kitu chepesi kidogo tu kutoka chini, anaachia, anakodoa macho kuona kama breki inashika au mzigo unateleza. Hapo ndipo anageuka na kuniambia, "Haya mama, leo ameamka salama." Eti ameamka! Mimi mwenyewe haniulizi nimeamkaje.

Kosa lake lilikuwa moja, na lilizaliwa na mapenzi hayohayo. Hewa ikishamaliza kazi ndani ya winchi inatokea kwenye sailensa, kama ile ya pikipiki. Sasa kompresa yetu inaleta hewa yenye maji, na hewa ile ikitoka inapoa vibaya, mpaka sailensa inajaa barafu. Ikijaa barafu winchi inakosa nguvu, inapandisha mzigo kama mgonjwa anayepanda ngazi. Dawa ni kukausha hewa, yaani kutengeneza kompresa. Ofisini wakasema watatengeneza. Wakasema tena. Mume wangu alipochoka kusubiri akapanda juu na spana, akaing'oa sailensa akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu.

"Hapo sasa anapumua," akasema. "Na tena namsikia vizuri. Nikimsikia nitajua anaumwa wapi."

Na kweli alikuwa anajua. Alisema bapa za ndani ya mota, zile zinazosukumwa na hewa, zimelika kabla fundi mwingine yeyote hajashuku, na walipofungua wakazikuta zimelika. Watu wakampigia makofi, kichwa kikamvimba kidogo. Lakini ile kelele! Kila akibonyeza ilikuwa inapasua hewa juu ya utosi wake, maana mwenye kishikio anasimama karibu na mashine, wakati mimi nimeinama huko nyuma ya mzigo. Tuligawiwa viziba masikio. Mimi nilivivaa, kwa sababu mimi kazi yangu ni kupaza sauti. Yeye alivitia mfukoni mwa shati.

"Nikiziba masikio si nimemwacha peke yake?" aliniambia. Nikacheka. Sote tulicheka, karakana nzima.

Sasa njoo nyumbani. Mambo yalianza taratibu. Naosha vyombo, nimempa mgongo, namwambia, "Dada yako amepiga simu, mguu umemvimba, anaomba uende ukamwone." Ananijibu, "Sawa, weka hapo mezani." Mezani! Niweke mguu wa wifi yangu mezani? Niligeuka nikamtazama, naye akanitabasamia kama mtoto aliyeshiba. Damu ilinichemka.

Au tumelala, taa imezimwa, namsimulia habari za binti yetu na mimba yake, jinsi anavyotapika, jinsi mumewe anavyohangaika. Kimya. Hata ule mguno wa kuonyesha kwamba yuko macho, hakuna. Namsukuma bega. "Mm?" Ananishika mkono, anaupapasa, anaurudisha pale alipoutoa. Mwanamke aliyezoea kuongea na mumewe gizani, ukimfanyia hivyo siku baada ya siku, atafikiri nini? Nilifikiri anaye mwingine. Nikamchunguza, nikanusa mashati, sikukuta kitu ila oili. Basi nikaona heri angekuwa naye, kuliko kuchokwa hivihivi bila sababu.

Nikanuna. Mimi niliyezaliwa naongea, nikanyamaza ndani ya nyumba yangu. Nikawa nalala nimemgeuzia ukuta. Tulikuwa tunakwenda kazini tumeongozana kama watu waliokutana njiani, na karakanani wakaanza kutania, "Mzee Pumzi na Mama Kulabu siku hizi wanaongea kazini tu, tena kwa kupigiana kelele." Nilikuwa nacheka nao, halafu nakwenda nyuma ya matangi ya kuoshea kufuta macho.

Kazini hakuna aliyegundua kitu, kwa sababu kazini alikuwa ananitazama mdomo. Mimi sikulijua hilo. Niliona macho yake yamenikazia mimi tu wakati wote nafunga mzigo, nikajisemea, angalau hapa ananithamini.

Halafu zikaja barakoa. Msimamizi wetu mpya, binti mmoja mwenye haki na msimamo, alikasirika kuona tunavuta moshi wa thina kwa pua tupu. Akatuletea barakoa nzito za mpira, zenye vichujio huku na huku, zinafunika kuanzia puani mpaka kidevuni. Tulimshukuru sana. Kifua changu kilipona kikohozi cha muda mrefu. Mume wangu naye, mdomo wangu ulipofichwa, akawa anafuata kichwa na mikono yangu, mimi nisijue.

Asubuhi yenyewe, siku ya Ijumaa, tulikuwa tunanyanyua gamba la pampu, chuma kizito kuliko sisi watatu ukituzidisha mara kadhaa. Mkanda mmoja wa kunyanyulia nilikuwa nimeshaupitisha. Wa pili ulikuwa umejikunja chini ya gamba, nikaingiza mkono niunyooshe. Mpiga rangi akaniuliza kwa nyuma kama gamba hili ni la rangi ya bluu. Nikamwitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Mume wangu akaona kichwa changu kimeinama na kuinuka. Akakaza.

Mkanda ulinibana kiganja. "Simama!" nikapiga ukelele. "Simama! Simama, we mzee!" Mpiga rangi alinisikia, naye akapayuka simama kwa nguvu zake zote. Mnyororo ukaendelea kupanda. Nilijivuta kwa uzito wangu wote, nikadondoka chali. Mkono ukachomoka, na glavu ikabaki. Gamba likapanda na glavu yangu imebanwa kwenye mkanda, vidole vyake vinaning'inia vitupu.

Alipoiona glavu ndipo akaachia. Uso wake ulikuwa mweupe kama jivu. Akaja mbio, akapiga magoti, akanishika mkono akawa anagusa kidole kimoja kimoja.

"Hukusema kitu," akaniambia. "Mama, hukusema kitu. Nilikuwa naangalia."

Nilitaka kumtukana. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, ndipo nikasikia alichosema. Alikuwa anaangalia. Mwenzangu, tusi nikalimeza.

Mchana huo, tuliporudi nyumbani, alikaa uani akawa anagonga misumari kwenye kiti kilicholegea. Nikasimama mlangoni, nyuma yake. "Mzee," nikasema. Akachukua msumari mwingine. "Mzee wangu!" Akagonga. Nikapaza sauti, "Nyumba inaungua!" Jirani akachungulia juu ya ukuta ametoa macho, mume wangu akawa anakikagua kiti kama kimenyooka. Nikampungia jirani mkono kwamba si kitu, nikakaa kizingitini nikalia. Nililia kwa uchungu, na katikati ya uchungu huo kulikuwa na furaha ya aibu. Hakuwa amenichoka. Mwanaume wa watu alikuwa hajanichoka hata kidogo.

Alipogeuka akaniona nalia, hakuuliza. Aliweka nyundo chini. Nilimkalisha mbele yangu, nikatamka maneno moja moja, "Tangu lini?"

"Haikuja siku moja," akasema. Sasa nikasikia jinsi sauti yake ilivyokuwa kubwa, na nilikuwa nadhani ni ukali. "Kwanza ndege wa asubuhi. Halafu simu. Halafu wewe, ukiwa umenipa mgongo. Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia nasikia kama mtu yuko ndani ya debe."

"Na winchi?"

"Naweka mkono kwenye mnyororo. Nasikia kwa mkono." Akanionyesha kiganja, kana kwamba ningeona kitu. "Na wewe nakusoma mdomo. Uzuri wako huufungi." Alitaka kunichekesha. Na kweli nilicheka, machozi yananiingia mdomoni.

Nikamwambia lazima aseme. Nilimwambia ofisi itamtafutia kazi nyingine, stoo, getini, popote. Akatikisa kichwa.

"Wewe vua barakoa," akasema. "Basi, ni hilo tu. Vua, nikuone mdomo, tuendelee kama zamani."

"Na nikiinama? Na mpiga rangi akipita chini ya mzigo, akapiga kelele yeye? Neno simama ni la kila mtu, mzee. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ulisema hata mfagiaji akisema simama, unaachia kwanza, unauliza baadaye."

Akaokota msumari, akaugeuza mkononi. Halafu akasema neno ambalo bado linanichoma. "Wakinitoa pale, mama, mimi nitakuwa nani? Nyumbani siwasikii. Kwenye simu simsikii mwanangu. Mahali pekee ambapo bado ninaelewana na kitu ni pale."

Nilimshika magoti. Nilimsihi aende mwenyewe kwa msimamizi, atoke kwa heshima, watu wamkumbuke vizuri. Nikampa mwisho wa juma afikirie. Siku zile mbili tulikaa ana kwa ana kama wachumba, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuongea naye. Nilimsimulia yote niliyokuwa nikiusimulia ukuta. Mguu wa dada yake, mimba ya binti yetu. Kuhusu mjukuu alishangaa mpaka akasimama. Akaniuliza tena na tena, "Kweli? Kweli?" Nikadhani moyo wake umelainika.

Jumatatu akaamka mapema, akavaa, akaenda. Nilipoingia kwenye chumba chetu cha kazi nikamkuta ameshamwaga maji ya chujio, ameshaongeza oili, anapapasa mnyororo. Akageuka akaniangalia, akasema kama siku zote, "Haya mama, leo ameamka salama." Kumbe hakuwa na nia ya kusema lolote kwa mtu yeyote.

Pale kwetu kuna sheria moja ambayo hata wakubwa hawaigusi. Mfungaji akikataa kufunga, mzigo haunyanyuliwi, wala hakuna wa kumlazimisha. Sikuwahi kuitumia hata mara moja. Niliweka mkanda sakafuni, nikavua glavu, nikasema, "Mimi sifungi."

Mpiga rangi akaenda kumwita msimamizi. Alipofika nilimwambia mbele ya mume wangu, bila kuficha mdomo, kwa sababu sikutaka kumsema akiwa hajui. "Dada, mume wangu hasikii. Ijumaa nilipiga kelele, mpiga rangi akapiga kelele, hakusikia. Siwezi kuweka mkono wangu pale tena, na mtu mwingine asiweke."

Sitasahau alivyonitazama. Angenipiga kofi ingeniuma kidogo.

Msimamizi akamgeukia. "Ni kweli, mzee?"

"Uongo," mume wangu akasema. "Siku ile aliitikia kwa kichwa, ndiyo nikakaza. Mpiga rangi mwenyewe aliona."

Mpiga rangi akakiri kwamba niliitikia kwa kichwa. Msimamizi akamuuliza mume wangu hili na lile, ana kwa ana, naye akajibu yote barabara, tena kwa adabu. Mume wangu ni hodari, usimwone hivi. Binti yule akanivuta pembeni kidogo. "Mama Kulabu," akasema kwa upole, "usinichukie. Watu wanasema nyumbani kwenu hamuongei siku nyingi. Haya si mambo ya nyumbani kweli?"

Hakukosea. Yalikuwa mambo ya nyumbani. Nilikuwa namharibia riziki mwanaume niliyelala naye ubavuni jana yake, na ushahidi wangu ulikuwa mdomo wangu tu, ambao karakana nzima inaufanyia mzaha. Nilitaka kusema ndiyo, samahani, tumegombana, nipe glavu zangu. Nikautazama mkono wangu. Nikamtazama mpiga rangi, anavyopitapita chini ya reli ile siku nzima na ndoo yake.

"Fungeni koki ya hewa," nikasema. "Zimeni na kompresa."

Wakafunga, wakazima. Kimya kikaingia chumbani mpaka tukasikia thina ikidondoka kwenye tangi. Mume wangu aliona mpira umelegea, akadhani mambo yamekwisha na wamemruhusu aendelee na ukaguzi. Akatupa mgongo, akachukua kitambaa, akaanza kuufuta mnyororo.

Nikasimama nyuma yake, hatua chache tu. Nilikuwa nimepanga kusema simama. Nilifungua mdomo, likatoka lingine.

"Mume wangu," nikasema, kwa sauti ya kawaida, ile ya chumbani. "Nilidhani umenichoka. Nikakununia, nikakugeuzia mgongo, kumbe ulikuwa unanijibu kwa mkono na mimi sielewi. Nisamehe. Nakupenda. Sijaacha kukupenda hata siku moja, na hata hili nalifanya kwa kukupenda. Nisamehe, baba. Geuka basi uniambie umenisamehe."

Aliendelea kufuta. Pete moja, kisha nyingine. Alipofika kwenye kulabu akaubonyeza ulimi wake, akaona unarudi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mpiga rangi alikuwa ameangalia ukuta. Msimamizi alikuwa amejishika shingo.

Ndipo mume wangu akageuka. Alikuwa anatabasamu, anataka kumwambia msimamizi kwamba mnyororo uko salama. Akatuona. Akautazama uso wa msimamizi, akautazama wa mpiga rangi, akarudi kwangu. Tabasamu likamtoka polepole. Alielewa kwamba nimesema kitu na kwamba wote wamekisikia isipokuwa yeye. Akakitundika kitambaa mahali pake.

"Umesema nini?" akaniuliza.

Nikajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Mama," akasema tena, kwa ile sauti yake kubwa, akasogea karibu, macho yamenikazia mdomo. "Niambie basi. Umesema nini?"

Kilio kilinipanda kwa nguvu, nikajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na yeye akabaki amesimama mbele yangu anatazama mikono yangu.